Bibi Gertruda Hakuimbia Malaria

Zahanati ya kijiji kile, huko ufukweni upande wa Kihagara, ilijengwa kana kwamba fundi alikusudia kuwaaibisha vijana. Veranda ilitazama njia ya kwenda ziwani, na kwenye veranda kulikuwa na benchi moja refu la mbao ambalo kila mgonjwa alikaa kusubiri zamu. Chumba cha kumwona nesi kilikuwa hapo hapo nyuma ya benchi. Mlango wake uliliwa na mchwa zamani, ikabaki fremu. Nesi Hedwiga, mwenyeji wa Mbinga aliyehudumia kijiji kizima peke yake, aliomba mlango mwingine mpaka akachoka kuomba. Mwisho alitundika kitenge chake mwenyewe, chenye maua ya njano. Kilipendeza. Ila kitenge hakizuii sauti.

Sasa wewe ni kijana, una shida yako ya ujana, unataka kumwona nesi bila kijiji kujua. Utapitaje? Huwezi kumpita mkubwa bila kumwamkia, hiyo huku haipo. Unaanza mwanzo wa benchi: shikamoo baba, shikamoo mama, shikamoo babu. Kila mmoja akishaitikia marahaba anakuuliza habari za nyumbani, kisha anakuuliza, kwa upendo kabisa, unaumwa nini. Ukisema kichwa, anayemfuata anadakia kwamba mbona unatembea kama mtu wa tumbo. Mpaka umalize benchi umeshahojiwa kuliko atakavyokuhoji nesi.

Na mwisho wa benchi, pembeni kabisa ya kitenge, alikaa Bibi Gertruda.

Bibi huyu alikuwa na presha, na presha ile ilimleta zahanati karibu kila siku, hata siku ambazo mashine ya kupimia haikuwa na betri. Alikuwa mtu wa huruma sana. Miaka mingi nyuma msichana mmoja aliingia nyuma ya kitenge akaanza kulia, na watu wa benchi wakanyamaza wote ili wasikie vizuri. Bibi Gertruda akaona vibaya. Akakohoa, akaanzisha wimbo wa Kwaresma kwa sauti kubwa ili kufunika maneno ya yule binti. Benchi likaona haya, likaitikia. Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kijana akiingia na jambo la siri Bibi anaimba, benchi linaitikia, hata kama ni wiki ya Krismasi.

Tatizo unaliona mwenyewe. Bibi Gertruda hakuimbia malaria. Hakuimbia kikohozi, wala mtoto wa kuchanjwa, wala mtu aliyechomwa na ndoana. Kwa hiyo wimbo ulipoanza tu, wanawake waliokuwa wakianika usipa, dagaa wa ziwani, kule chini kwenye vichanja walinyoosha migongo wakatazamana, leo ni nani? Vijana nao wakawa na neno lao. Wakisema fulani kaimbiwa, basi, hakuna la kuongeza.

Ndiyo maana wengi hawakwenda. Wavulana walipanda bodaboda mpaka Mbinga kununua vidonge kwa muuza dawa asiyewajua baba zao. Wasichana waligawana dawa zilizobakizwa na dada zao, bila kujua zilikuwa za nini. Walilalamika, tena sana, lakini walilalamikia kando ya mitumbwi. Siku mgeni alipotoka wilayani kuja kuwauliza vijana wanataka nini katika huduma za afya, wazee walikaa mbele na vijana wakasimama nyuma. Kimya kilipozidi, mmoja wao akainua mkono akaomba mpira na jezi.

Eunice alikuwepo siku ile, na alicheka kama wengine. Alikuwa na miaka ishirini. Aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa lao la Anglikana, na watu walisema bila yeye kwaya ile inachechemea. Alikuwa mchumba wa Hamphrey, mvuvi na fundi wa injini za boti, kijana mrefu, mpole, anayecheka kwa macho kabla ya mdomo. Walikua pamoja, wakaoga ziwa moja, wakacheza mchanga mmoja. Padri alikuwa ameshaombwa kuwatangaza kanisani, na mama yake Hamphrey alishaanza kumwita Eunice mkwe mbele za watu, hata sokoni.

Lakini Eunice alikuwa na jambo lake. Mkojo wake ulikuja na damu mwishoni, na tumbo la chini lilimkata. Utotoni hilo halikuwa jambo la kuficha, maana nusu ya darasa walikuwa hivyo hivyo. Wavulana walijisifia kabisa. Walisimama mstari ufukweni, Hamphrey akiwemo, na yule ambaye mkojo wake ulitoka mwekundu alihesabiwa ameanza kuwa mwanamume. Kisha dawa za kichocho zililetwa shuleni. Walimu waliwanywesha uji, wakawasimamisha mmoja mmoja kwenye fimbo ndefu yenye alama, na kila mtoto akapewa vidonge kulingana na kimo chake. Eunice alimeza, akapona.

Akamaliza darasa la saba. Shule aliiacha, ziwa hakuliacha. Aliosha vyombo humo, akafua humo, akasimama humo mpaka kiunoni kusaidia kuvuta nyavu. Ile damu ikarudi. Na hapo ndipo kijiji kile kilipokuwa na kosa lake. Kwa kuwa dawa zililetwa shuleni tu, kila mtu aliamini kichocho ni ugonjwa wa wanafunzi. Ukimaliza shule umemaliza na kichocho. Mtu mzima akikojoa damu, hasa mtu mzima msichana, hizo ni habari nyingine kabisa.

Eunice naye aliamini hivyo. Alijijua hajawahi kulala na mwanamume, hata Hamphrey hakuwahi, na bado usiku alijiuliza ni dhambi gani imemkalia tumboni. Aliogopa hatazaa. Aliwatazama watoto wa jirani wakiburuta makopo mchangani akawataka, akataka wa kwake, mwenye macho ya Hamphrey. Hofu hiyo ndiyo iliyomfikisha zahanati wiki chache kabla ya kutangazwa.

Aliwaamkia wote. Aliulizwa mara zote, akajibu kichwa mara zote. Zamu yake ilipofika akaingia, kitenge kikaanguka nyuma yake.

"Haya, mdogo wangu," Nesi Hedwiga akasema. "Shida nini?"

Eunice alitaka kusema damu. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini nje ya kitenge alimsikia Bibi Gertruda akipumua, na binti aliyelelewa vizuri hatamki neno lile wakubwa wakisikia.

"Naumwa huku chini," alinong'ona.

Nesi alikuwa ameshawaona wengi wa kuumwa huku chini, na karibu wote walikuwa na mambo yale yale. Akauliza kama alivyofundishwa kuuliza. "Una mwenzako? Itabidi uje naye, mtibiwe wote wawili."

Hakusema kwa ubaya, wala hakupaza sauti. Ila kabla Eunice hajajibu, Bibi Gertruda alikohoa, na wimbo wa Kwaresma ukapanda.

Eunice alitoka hivyo hivyo, bila kupimwa, bila kupewa chochote. Alilipita benchi lote likimwimbia, watu wameinamisha vichwa kwa heshima, wasimtazame. Laiti wangemtazama, labda wangeona kwamba ni mtoto tu anayeogopa.

Jua halijazama kijiji kilishajua. Jumapili padri aliombwa asubiri kidogo. Mama Hamphrey hakutukana mtu, hakuwa mtu wa matusi, ila neno mkwe halikutoka tena kinywani mwake. Eunice alikwenda mpaka kwenye mitumbwi kumtafuta Hamphrey, akamkuta amefungua injini, mikono imejaa oili.

"Wewe unanijua," Eunice akasema.

"Nakujua," Hamphrey akasema.

"Basi waambie."

Hamphrey alizungusha spana mkononi muda mrefu. "Tulia kwanza, Eunice. Mambo yatapoa."

Hakupoa mtu. Mwezi haujaisha, mama yake Eunice alimfungia mtoto wake nguo na kumpandisha milimani, upande wa Kingerikiti, kwa Shangazi Gaudiosa aliyeolewa huko. Watu waliambiwa anakwenda kusaidia kuchuma kahawa. Watu waliitikia kwamba ni vizuri, kahawa mwaka huu imezaa.

Huko juu kulikuwa na baridi ambayo Eunice hakuwahi kuijua. Asubuhi ukungu ulikaa kwenye mibuni mpaka vidole vikafa ganzi, na jioni watu walikaa jikoni kuzunguka moto wakizungumza Kimatengo upesi upesi, kisha wakikumbuka kwamba yupo wanahamia Kiswahili kwa ajili yake. Walikuwa watu wema. Walimpa maharage na ugali wa kushiba, wakamfundisha kuchuma punje nyekundu na kuacha za kijani. Shangazi Gaudiosa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha hata anapobembeleza, hakumuuliza lolote. Alimwambia tu kwamba nyumba hii ni ya baba yako pia.

Na bado Eunice alitamani kwao mpaka ikawa kama ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Alitamani joto la mchanga chini ya nyayo. Alitamani harufu ya usipa vichanjani, harufu ileile aliyokuwa akiilalamikia kwamba inakaa kwenye nywele. Siku moja shangazi alirudi mnadani na kifurushi cha usipa wakavu, akakifungua jikoni, na Eunice akatoka nje kwenda kulia nyuma ya choo kwa sababu ya dagaa. Hebu fikiria, mtu kulia kwa dagaa. Aliitamani kwaya. Mashambani alijikuta akiimba sauti ya pili peke yake, na sauti ya pili ikiimbwa peke yake haina hata utamu, ni kama nusu ya mazungumzo. Wachumaji wenzake walidhani hajui kuimba.

Juu ya shamba la shangazi kulikuwa na kichuguu, na mvua ikinyesha hewa ikatakata, kutoka pale ziwa lilionekana. Mstari mwembamba mweupe chini kabisa, basi. Eunice alipanda pale kila alipopata nafasi. Alijaribu kukadiria kijiji chao kiko wapi kwenye ule mstari, na Hamphrey yuko wapi, yuko majini au anafungua injini ya mtu. Pale pale ndipo simu ilipopata mtandao. Alimpigia.

"Umeshakula?" Hamphrey aliuliza.

"Nimekula. Na wewe?"

"Bado. Upepo ulikuwa mkali leo."

Walizungumza upepo, wakazungumza injini, wakazungumza mbwa wa kina Hamphrey aliyezaa. Eunice alishamnong'oneza habari ya damu, na sasa alikuwa akisubiri sentensi moja. Hamphrey aliijua, na Eunice alijua kwamba anaijua, kwani walikuwepo wote ufukweni utotoni, na Hamphrey ndiye aliyesimama mstari akajisifu. Ilitosha aseme hata mimi nimekojoa damu. Aseme kwa mama yake, aseme kwa mtu mmoja pale kijijini, maneno yangetembea yenyewe. Eunice alisikiliza mpaka salio likaisha, na sentensi haikuja. Kila mara ilikuwa tulia kwanza. Naye kila mara alishuka kichuguuni akimpenda vilevile, jambo ambalo lilimkasirisha kuliko yote.

Kahawa iliisha kuchumwa. Damu haikuisha. Ilizidi, ikafika asubuhi moja Eunice akashindwa kunyanyua debe la maji, akakaa chini shambani ameshika tumbo. Shangazi Gaudiosa alisimama juu yake, mikono kiunoni.

"Sikukuuliza," shangazi akasema, "nilikuwa nangoja uniambie. Sasa nimechoka kungoja. Vaa viatu."

Alimpeleka zahanati ya huko milimani, ambako hakuna aliyemjua Eunice wala ukoo wake. Ilikuwa na mlango. Mlango wa kawaida tu, wa mbao, unaokwaruza sakafu ukifungwa, na Eunice aliutazama kama mtu anayetazama chakula. Mganga wa pale alikuwa kijana, hakumzidi miaka mingi. Alifunga mlango, akakaa, akauliza shida nini. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Eunice akalitamka lile neno kwa sauti yake ya kawaida.

"Nakojoa damu."

Mganga aliandika. "Umekulia wapi, dada?"

"Ziwani."

"Unaingia majini bado?"

"Kila siku. Nilipokuwa huko."

"Basi hicho ni kichocho," mganga akasema, kama mtu anayekuambia leo ni Jumanne.

Eunice alimwambia kwamba haiwezekani, alishamaliza shule. Mganga akaacha kuandika akamtazama, akadhani ni utani. Alipoona si utani akamweleza taratibu kwamba ugonjwa ule unatoka kwenye maji, na maji hayamuulizi mtu yuko darasa la ngapi. Akamwambia unatibika, hata sasa, ila asikawie, kwa maana ukiachwa unaweza kuharibu njia za uzazi. Eunice alilia pale pale kitini, na mganga akamwacha alie, kwa vile mlango ulikuwa umefungwa na hakuna aliyekuwa na haja ya kuimba.

Dawa hakuwa nazo. Huku juu hazikai, alisema, zinapelekwa kata za ziwani. Mbinga mjini zinaweza kupatikana.

Njiani shangazi alishapanga kila kitu. Kesho wapande basi dogo la asubuhi, waende Mbinga, wanunue, mtoto ameze, yaishe. Eunice alitembea nyuma yake kimya mpaka walipofika chini ya kile kichuguu.

"Shangazi, Mbinga siendi."

"Unataka kufa?"

"Nataka kwenda nyumbani. Dawa ipo nyumbani."

"Kwenye lile benchi?" Shangazi Gaudiosa alisimama. "Mama yako aliniambia, usidhani sijui. Uende ukaimbiwe tena?"

Eunice alisema angeweza kupona Mbinga, angepona vizuri sana, na bado angebaki yule aliyeimbiwa, hata akizeeka. Alisema anataka kurudi kwao, si kurudi kutembea siku mbili, kurudi. Shangazi alimtazama sana, kisha akavua kanga yake ya mabegani akamfunika, kwa kuwa baridi ilikuwa imeanza.

Alishuka siku iliyofuata. Pikipiki ilipopinda kona ya mwisho na ziwa likafunguka lote mbele yake, la bluu, limejaa mpaka mbinguni, Eunice alishika bega la dereva na kumwambia apunguze mwendo. Dereva alidhani ana kichefuchefu. Alitaka tu kuliangalia. Alilitamani na lilikuwa limemuumiza, na bado alilitamani.

Hakupitia nyumbani. Alijua akimwona mama yake ataishiwa nguvu. Alikwenda moja kwa moja zahanati, na benchi lilikuwa limejaa. Bibi Gertruda yupo, mwisho kule. Na katikati ya benchi, ameshika kiuno kinachomuuma, Mama Hamphrey.

Eunice alianza mwanzo. Shikamoo baba. Shikamoo mama. Walimwitikia wakimtazama viatu vyenye udongo mwekundu wa milimani. Alipofika katikati hakuruka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Mama Hamphrey akasema. Mkwe hakuongeza. "Umerudi?"

"Nimerudi."

Hakuna aliyemuuliza anaumwa nini. Hilo nalo lilimuuma, kwa kuwa maana yake walidhani wanajua.

Zamu ilifika, akaingia. Nesi Hedwiga alimkumbuka, akavuta kiti karibu, akashusha sauti kabisa. "Mdogo wangu, siku ile ulikimbia. Niambie."

Nje Bibi Gertruda alikohoa. Sauti ya kwanza ya wimbo ikatoka, benchi likashika. Eunice alisimama. Alikusanya kitenge kile cha maua ya njano, akakisukuma pembeni, akatokeza mlangoni ambako hakukuwa na mlango.

"Bibi," akasema. "Samahani, bibi yangu. Leo naomba usiniimbie."

Wimbo ulikatika vipande vipande, wa mbele kwanza, wa nyuma baadaye. Bibi Gertruda alimgeukia.

"Mjukuu wangu, nakusitiri."

"Najua, bibi. Asante. Lakini leo naomba wasikie." Akamgeukia nesi, kitenge bado mkononi. "Nesi, nakojoa damu. Ilianza nikiwa mdogo, kama wenzangu wote hapa. Nilimeza dawa shuleni ikaisha, nikaingia ziwani ikarudi. Kule Kingerikiti wameniambia ni kichocho. Sina mwenzangu wa kuja naye, sijawahi kuwa na mwanamume. Nimefuata dawa."

Nesi Hedwiga hakuwa mjinga. Aliona kinachofanyika akakishika. Alijibu kwa sauti ile anayotumia kuwatangazia akina mama siku ya chanjo. "Ni kichocho. Kinampata mtu mzima kama mtoto, mwanamke kama mwanamume, yeyote anayeingia yale maji. Dawa ninazo, zilibaki za shuleni. Mwaka mzima zinakaa humu kabatini, hakuna mtu mzima anayekuja kuziomba."

Alitoa ile fimbo yenye alama kutoka nyuma ya kabati, akamsimamisha Eunice kwenye fremu, mbele ya benchi zima. Eunice alikaribia alama ya juu kabisa. Nesi akahesabu vidonge, akasema havimezwi mtu akiwa na njaa. Hapo Bibi Gertruda, ambaye alikuwa bado hajajua aweke wapi mikono yake, aliingiza mkono kwenye kikapu akatoa muhogo wa kuchemsha uliofungwa kwenye jani la mgomba.

"Kula," akasema. Kisha akaongeza, "Kwa hiyo nilikuwa nawachongea, mjukuu wangu. Miaka yote hii."

Eunice alikaa miguuni pa bibi akala. Ndipo Mama Hamphrey akazungumza, akiitazama sakafu.

"Hamphrey naye anayo," akasema. "Tangu mdogo. Nafua nguo zake, naona. Baba yake alisema ni ujana, anakua."

Benchi lote lilimgeukia. Eunice aliacha kutafuna. Kwa hiyo mama naye alijua, siku zote zile alijua, na nguo za mwanawe aliziosha kimya huku mtoto wa mwenzake akipandishwa milimani.

"Mwite aje," Nesi Hedwiga akasema. "Leo leo."

Mama Hamphrey alipiga simu. Eunice alimeza vidonge vyake, vikubwa vichungu, akabaki pale kwenye sakafu ya veranda akisubiri kizunguzungu ambacho nesi alisema kitakuja. Alikuwa akiingoja ile sentensi. Alijua sasa haina kazi tena, kila kitu kimeshasemwa, wala haikuwa na gharama yoyote kwa msemaji. Bado aliitaka kwa mwili wote. Alijiambia akiisema, hata leo, hata imechelewa hivi, namsamehe yote.

Hamphrey alikuja akipangusa mikono kwa kitambaa. Alikuwa amekonda. Alimwona Eunice, akasimama, macho yake yakacheka kabla ya mdomo kama zamani, kisha yakaona benchi yakazima. Alianza mwanzo. Shikamoo baba. Shikamoo mama. Alipomfikia Eunice aliinama kidogo.

"Umerudi," akasema polepole. "Ungeniambia."

"Nimerudi."

Mzee aliyekaa karibu na mwisho, ambaye alikuwa amesikia kila kitu kama wengine, alimuuliza kwa desturi tu, kwa upendo kabisa. "Unaumwa nini, baba?"

Mama yake aliinua macho. Eunice alimtazama Hamphrey usoni, akaona sentensi inakuja, akaiona kabisa ikifika mdomoni.

"Kichwa," Hamphrey akasema. "Kichwa tu, babu."

Akaingia ndani, akakishusha kitenge, akakivuta vizuri mpaka pembeni kisiache upenyo.

Bibi Gertruda alimtazama Eunice. Alitaka kukohoa na hakuthubutu, mkono umebaki kifuani. Eunice alikitazama kitenge. Alimpenda bado, na ilimuuma kama siku ya kwanza, ila kile kilichokuwa kikimpandisha kichuguuni kuutafuta ule mstari mweupe alikisikia kinashuka, taratibu, kama maji yanavyomtoka mtu anayetoka ziwani.

"Mwimbie, bibi," akasema. "Yeye anauhitaji."

Bibi Gertruda akakohoa, akaanzisha. Benchi likaitikia, na Mama Hamphrey akaitikia kwa sauti ya chini akipangusa macho kwa ncha ya kitenge chake. Wimbo ulichechemea, ulikosa sauti ya pili. Eunice alikaa kidogo, kisha akaishika, akaimba mpaka mwisho, maneno yote ya Hamphrey yakafunikwa. Halafu akasimama, akamshukuru bibi kwa muhogo, akaenda nyumbani kwa mama yake.